Nukta 169 mlangoni kwa Ba

Nane, tisa, kumi, kumi na moja, unapanda hivyo hivyo mpaka kumi na tano. Kisha unashuka, kumi na nne, kumi na tatu, hadi nane tena. Mistari 15 ya nukta. Zijumlishe zote, utapata 169. Hadi leo nikikosa usingizi huwa nazihesabu, na mara nyingi hupitiwa kabla sijafika ule mstari wa kati.

Hesabu hiyo nilifundishwa Alhamisi ya tarehe 3 Novemba 1994, nikiwa nimepiga magoti mlangoni kwa jirani, Mji wa Kale, Mombasa. Nilikuwa darasa la tano. Alhamisi alasiri chuo cha Kurani hufungwa hadi Jumamosi, kwa hivyo nilikuwa nimerudi shule, nimekula, nimekaa barazani nikiwangoja wenzangu tucheze mdako. Kwa Ba kulikuwa na pilikapilika tangu alfajiri, maana usiku huo ulikuwa wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu.

Ba ni neno la Kigujarati. Ni mama, na ni nyanya pia. Kichochoro kizima tulimwita hivyo, hata wazee wa rika lake. Mlango wao ulitazamana na wetu, na nafasi iliyokuwa kati yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mama na Ba waliongea kila mtu akiwa jikoni mwake. Alizaliwa kijijini karibu na Porbandar, pwani ya Gujarat, akaja Mombasa kuolewa. Kama wanawake wengi wa kule wa zama zake, alichanjwa wino akiwa msichana: alama ndogondogo mikononi, na kidevuni nukta moja ya kijani iliyokwisha kufifia. Sisi watoto tuliokuwa tukiimba herufi za Kiarabu kila siku chuoni "ba nukta moja chini, ta nukta mbili juu" tulifurahi mno siku tulipoing'amua. Ba, nukta moja chini! Tukawa tunamwimbia akipita. Hakukasirika hata kidogo. Aligusa kidevu chake akatuitikia, "Ta nukta mbili juu," kwa kuwa miaka arubaini na zaidi sauti za chuo zilikuwa zikimwingilia dirishani, zetu na za baba zetu kabla yetu.

Kila mwaka mchoro wa Diwali mlangoni pao, rangoli, ulikuwa kazi ya bintiye. Nami kila mwaka nilikaa barazani kwetu nikamtazama, nisithubutu kuvuka. Lakini mwaka huo binti alikuwa ameolewa Leicester, Uingereza, mji ambao Wagujarati wengi wa Afrika Mashariki walihamia, na Mama ndiye aliyemchora hina ya harusi, kuanzia kwenye ncha za vidole mpaka kwenye viwiko. Mama alikuwa fundi wa hina na piko. Nyumba yetu haikukosa maharusi waliokaa mikono imenyooshwa, wakilishwa wali na dada zao kama watoto wachanga.

Basi Ba akapiga hodi, akaingia na mkongojo wake.

"Mwanangu, niazime huyu mtoto jioni hii. Magoti yangu hayakunjiki tena, na mlango wangu hauwezi kulala mtupu usiku wa leo."

Mama hakujibu papo hapo. Wakati huo nilidhani anafikiria vyombo ambavyo sijaosha. Sasa najua alichokuwa akikifikiria. Usiku wa Diwali Wahindu wa Gujarat humkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na mali. Taa huwashwa ili aione njia, na rangoli huchorwa ili mlango umpendeze. Haikuwa pambo tu, na Mama alilijua hilo, naye alikuwa mtu wa sala tano. Vilevile alijua kwamba jirani hanyimwi mkono.

Ba hakumngoja aseme. "Mwanao atachora maua tu," alisema. "Nyayo nitachora mwenyewe."

Wakatazamana kidogo.

"Haya," Mama akaniambia. "Kanawe mikono, uende kwa nyanyako."

Sikuelewa nyayo gani.

Mbele ya mlango wao palikuwa na sakafu ya saruji iliyoinuka kidogo kutoka kichochoroni. Ba alikuwa ameiosha asubuhi, kisha ikapakwa udongo mwekundu uliokorogwa na maji, geru kwa lugha yao, ikakauka na kuwa na rangi ya chungu kipya. Juu ya wekundu huo, alisema, rangi yoyote itakayodondoka itasema. Pembeni palikuwa na sinia lenye vibakuli saba. Cheupe kilikuwa unga laini wa jiwe. Vingine vilikuwa mchanga wa bahari uliooshwa, ukachekechwa kwa kitambaa na kutiwa rangi: manjano, waridi, kijani, buluu, rangi ya chungwa na zambarau. Yeye alikaa juu ya kigoda kando ya kizingiti. Mimi nilikuwa chini.

Kwanza nukta, kwa chaki. Kila nukta vidole vinne kutoka kwa mwenziwe, na kila mstari mpya nukta zake ziangukie kwenye nafasi zilizo kati ya nukta za mstari wa juu, kama matofali ya ukuta. Mstari wa kwanza 8, wa pili 9, na kuendelea. Ukifanya hivyo sawasawa, unapata umbo la pembe sita, na ndani yake mna yungiyungi la petali sita ambalo halijachorwa bado lakini limeshajificha humo. Ba alinionyesha kwa mkongojo: kutoka hapa mpaka hapa, pinda, rudi. Nikaliona. Nakumbuka nilivyoliona, ghafla, kama uso wa mtu unaojitokeza gizani.

Kisha unga mweupe. Hapo ndipo nilipodhani nitang'ara, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa fundi wa hina, na mkono wangu haukuwa ukitetemeka. Lakini hina unaikamua, inatoka pale unapoilazimisha. Unga haulazimishwi. Unauchota kwa ncha za vidole, unaubana kati ya gumba na kidole cha shahada, halafu gumba linasugua mbele polepole, na ule unga unachuruzika kwa uzito wake mwenyewe huku mkono ukitembea. Mkono usiguse sakafu. Pumzi nayo uiangalie. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa mnene kama kamba ya ndoo, na wa pili ulikatika mara tatu. Ba akaninyoshea mkono wake mwenyewe kutoka pale kigodani, ngozi imekunjamana, zile alama za wino zikiwa kama chungu waliopangwa mstari, akamwaga mstari mmoja hewani kwenye sinia ili nione. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Gumba lake halikuonekana kusogea.

Nilipofika mstari wa kumi hivi nilishika. Naweza kusema hivyo bila kujisifu. Mkono ulishika, na tangu siku hiyo haukusahau.

Petali tano zilifunga vizuri. Ya sita ikabaki imeachama. Nilivuta mstari kutoka kushoto, nikauvuta kutoka kulia, na ncha zake hazikukutana. Zilipishana kwa vidole viwili. Jua lilikuwa limeshaondoka kichochoroni. Nikafanya ambalo mtoto yeyote angelifanya: nikaanza kuupinda mstari wa kushoto kidogo kidogo, ili ufike kwa mwenziwe.

"Usiuburute, dikri," Ba alisema. Dikri ni binti. "Hesabu."

Nikahesabu kutoka juu. Nane, tisa, mpaka kumi na tano. Kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili. Kumi na mbili. Mstari mmoja nilikuwa nimeuweka mara mbili, na nukta zote zilizofuata zilikuwa zimesukumwa chini.

Nilimwambia haitaonekana. Nilimwambia watu watakuja usiku, tena kwa mwanga wa vitaa.

"Chuoni kwenu," aliuliza, "ukiandika ba katikati ya neno, ukaiweka nukta juu badala ya chini, inakuwaje?"

"Inakuwa nun."

"Na mwalimu anasemaje?"

Mwalimu wetu hakuwa akisema, alikuwa akichapa, na Ba alijua, maana vilio navyo vilipita dirishani. Nikacheka, naye akacheka. Kisha akanipa kitambaa kibichi. Nikaifuta nusu nzima ya chini, pamoja na petali mbili nilizozipenda kuliko zote. Udongo ulitoka na maji, ikabidi nipake mwingine na kuupepea kwa kipepeo cha ukindu mpaka ukauke, ndipo nianze tena kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja. Wenzangu walikuja kuniita kwenye mdako. Sikuwasikia, waliniambia kesho yake.

Kujaza rangi kulikuwa raha tupu na sina mengi ya kulisimulia, ila kwamba manjano iliisha na Mama akatoa bizari yake ya jikoni, akaivusha yeye mwenyewe.

Nilipomaliza, Ba aliegemea mkongojo wake akaanza kushuka. Ilichukua muda. Goti moja, kisha la pili, na uso wake ulikunjamana nikaona machozi ya maumivu kwenye kona za macho. Nikamwambia, Ba, niambie tu nichore wapi, mimi nipo. Akatikisa kichwa. Alikunja ngumi ya kulia, akaichovya upande wake wa kidole kidogo katika unga mweupe uliokorogwa kwa maji, akaigandamiza sakafuni: ukatokea unyayo mdogo, kama wa mtoto mchanga. Kwa ncha ya kidole akauwekea vidole vitano juu. Kisha wa pili, wa kushoto. Nyayo zile zilianzia ukingoni mwa yungiyungi langu, zikapanda kizingiti, zikaingia ndani ya nyumba. Jozi baada ya jozi, naye anajiburuza kwa magoti nyuma yake, akisema kitu kwa sauti ya chini kwa lugha yake. Nikaelewa kwamba ni nyayo za nani, na kwamba kule anakokwenda mimi sikuitwa, wala hakutaka nijikute nimefika pasipo kujua. Nilisimama kichochoroni na mikono yangu ya rangi saba nikangoja.

Alipotoka alikuwa ameshanyooka, anahema. "Sasa njoo tusokote tambi," alisema, kana kwamba hapakuwa na lolote.

Tulisokota tambi za pamba kati ya viganja, tukazilaza kwenye vitaa vya udongo, tukatia samli. Usiku mwanawe wa kiume alirudi kutoka dukani na vitabu vipya vya hesabu vyenye jalada jekundu, vya kuombewa baraka, maana kwao mwaka wa biashara unafungwa Diwali na mwingine unafunguliwa. Wageni walipita. Kila aliyefika alisimama kwanza mbele ya ua langu kabla ya kutafuta pa kukanyaga. Mimi nilikuwa barazani kwetu na sahani ya chevda, ule mchanganyiko mkavu wa vitafunio vya Kihindi, mapajani, nikiwatazama nyuso.

Siku hizi nafundisha watoto wadogo, na katika mwaka tunapita nchi nyingi kwa mikono: fanusi za karatasi za Ramadhani ya Misri, ndege wa kukunja wa Kijapani, bendera za karatasi iliyotobolewa kama Wameksiko wafanyavyo. Ikifika zamu ya rangoli siwapi karatasi iliyochapishwa tayari ili wapake rangi. Nawapa chaki, nawaanzisha 8. Anayekosea mstari anafuta, na huwa nakaa naye chini mpaka amalize. Nyayo hatuchori. Wakiuliza kwa nini, nawaambia zina wenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa ulikuwa mwaka mpya wa Wagujarati, 2051 kwa hesabu yao. Ba alikuwa mlangoni na sari mpya, akimwambia kila apitaye, "Sal Mubarak!" Ndugu yangu mdogo, aliyedhani mubarak ni ya Idd tu, alikimbia kumwuliza Mama kama tumesahau kufunga.

Adhuhuri adhana ikapigwa. Wanaume wa mtaa walitoka kwenda Ijumaa, kanzu nyeupe, kofia za viua, na njia ilikuwa ile ile moja, mbele ya mlango wa Ba. Ua langu lilikuwa limemeza karibu upana wote. Niliwaona dirishani. Wa kwanza alifika, akasita, akaishika kanzu yake kwa mikono miwili akaipandisha mpaka juu ya vifundo vya miguu, akapita kiubavu, mgongo ukisugua ukuta. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Wakapita wote, wazee kwa vijana, mmoja mmoja, wameinua kanzu kama wanaovuka maji, na Ba anawaitikia salamu zao kutoka kigodani.

Baba alikuwa wa mwisho, kwa kuwa yeye huchelewa siku zote. Aliporudi, Mama aliuona mstari wa waridi kwenye pindo lake, upana wa kidole.

"Umepita wapi tena?" alimwuliza.

Baba akaliangalia pindo, kisha akaniangalia mimi. "Kwa mwanao," akasema, akaenda kula.