Siku Moja Maishani Mwangu: Mwigizaji wa Jukwaa na Filamu Jijini Mwanza

Saa 11:00 alfajiri. Niliamka kabla ya watu wengine nyumbani, kwa sababu sauti huchelewa kuamka kuliko mwili. Nilikunywa maji ya uvuguvugu, nikalala chali sakafuni, viganja vikiwa juu ya tumbo, nikavuta pumzi mpaka tumbo likainuka huku mabega yakiwa yametulia, kisha nikavuma midomo ikiwa imefumbwa hadi nikasikia mtetemo katika mifupa ya uso. Zoezi hili nilifundishwa Bagamoyo, katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na sijaona mwigizaji aliyedumu jukwaani kwa kulipuuza.

Saa 1:30 asubuhi. Nilifika pamoja na wenzangu kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wanapotia nanga wavuvi, upande wa Ilemela, ambako tulikuwa na onyesho kuhusu kichocho. Kwa maonyesho ya mialoni kundi letu huchagua siku za mbalamwezi, kwa kuwa wavuvi wa dagaa huvua kwa mwanga wa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu wengi wao hubaki nchi kavu. Saa nayo ina sababu yake. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo sisi tulisimama tukiipa nchi kavu mgongo na watazamaji wakaketi upande wa maji, ili upepo uwapelekee maneno yetu badala ya kuyarudisha kooni. Hapakuwa na jukwaa wala pazia. Ngoma ilipigwa, duara likajipanga lenyewe, na kina mama waliokuwa wakianika dagaa wakasogea huku mikono yao ikiendelea na kazi.

Mimi niliigiza mke wa mvuvi ambaye mtoto wake amevimba tumbo, na mume anashikilia kwamba mtoto amelogwa. Katikati ya mabishano yetu mama mmoja mtu mzima aliingia ndani ya duara, akanielekezea kidole mimi, wala si mume wangu wa mchezo, akasema, “Mwanangu, hata mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikauza mbuzi kumlipa mganga.” Katika sanaa shirikishi, ambamo mtazamaji naye hushiriki mchezo, mchezo unapovamiwa namna hiyo ndipo unapoanza hasa. Sikutoka ndani ya uhusika. Nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma, “Shikamoo mayu. Na mganga alipomaliza, tumbo lilipungua?” Akanyamaza kidogo, akatikisa kichwa, na watu waliokuwa wakichungulia kutoka kwenye mitumbwi wakashuka kuja kusikiliza. Kuanzia hapo mchezo ulikuwa wao. Walimhoji yule mume mpaka akakosa la kusema, kisha muuguzi akaeleza jinsi vimelea wanaotoka kwa konokono wa majini wanavyopenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua pembezoni mwa ziwa, na kwamba dawa ya praziquantel inatibu. Mtazamaji wa mwaloni hajalipa kiingilio, ana kazi inayomsubiri, na anaweza kukupa mgongo wakati wowote. Ndiyo maana namheshimu kuliko mtazamaji mwingine yeyote.

Saa 5:00 asubuhi. Chai, chapati, na daladala kurudi mjini. Vijana wanaotaka kuanza fani hii huniuliza kila mara kwa nini sihamii Dar es Salaam, na hutaja mfano wa marehemu Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga aliyepata jina kupitia kundi la Kaole huko huko Dar. Mfano wao ni wa kweli. Hata hivyo mimi nimechagua Mwanza, na sababu yangu ni yule mama aliyeingia kwenye duara.

Saa 7:00 mchana. Lokesheni ilikuwa nyumba moja ya Isamilo, katikati ya majabali. Katika sini ya leo napigiwa simu na kuambiwa kwamba mume wangu amefariki machimboni Geita. Mazishi yake tulikwisha kuyashuti, kwa kuwa filamu hufuata ratiba ya mahali na fedha, na mwigizaji ndiye anayebeba mfululizo wa hadithi kichwani mwake. Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo. Mkono ulipaswa kusimama pale pale, kwenye neno lile lile, katika kila tekii, yaani kila mara sini inaporudiwa kurekodiwa, la sivyo picha hazitaungana. Picha ya mbali ilichukuliwa kwanza, na huko nilitoa kiasi tu cha uchungu, nikiyatunza machozi kwa picha ya karibu. Jukwaani ningeanguka na kulia hadi aliyekaa mwisho anisikie. Hapa mwongozaji aliniambia, “Dada, usifanye kitu. Sikiliza simu tu.” Nilisikiliza, kidole gumba kikaendelea kusugua punje moja ya mchele, na alipotazama skrini akasema ndiyo hiyo.

Upepo ulikuwa umegeuka na sasa ulitoka ziwani, ukagongesha mabati ya jirani. Mara kwa mara tulilazimika kusubiri, ingawa kipaza sauti cha kurekodia kilikuwa kimevishwa manyoya ya kukinga upepo. Karibu na ikweta jioni haina subira, na jua lilipozama, karibu saa 12:45, tulifunga kazi.

Saa 1:30 usiku. Mazoezi ya tamthilia mpya tunayoitunga kuhusu Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma ambavyo hushindana kwa kucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, na mshindi huwa ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Mashindano hayo bado huonekana Bujora, Kisesa, katika sherehe za Bulabo mwezi Juni. Tunataka ukumbi wetu nao uwe hivyo, watazamaji wakisimama na kuhama, na usiku huu tulijaribu sini mbili kwa pamoja. Ilikuwa vurugu, lakini vurugu yenye uhai.

Saa 4:00 usiku. Nilisoma mkataba wa filamu ijayo. Watu wa mwaloni nawaona wakija na kuondoka. Anayenitazama kwenye simu simwoni, wala idadi yake siletewi, ilhali filamu ikishapandishwa mtandaoni huendelea kuingiza fedha bila mwigizaji kujua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki yake, lakini mkataba huu unataja malipo ya mara moja tu. Nimemwandikia mzalishaji nikiomba kiongezwe kifungu kuhusu mauzo ya mtandaoni, na sitatia saini kabla hajanijibu.