Kapsuli ya Mpwa Wangu na Jeni Iliyonyamazishwa

Tangu nianze kumsindikiza dada yangu na mwanawe kliniki ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, kapsuli ya dawa iitwayo hidroksiurea anayomeza mtoto kila siku imenifikirisha sana. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya aina yake isiyo na kasoro ya selimundu, na jeni zinazoitengeneza hunyamazishwa taratibu baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana mwenye selimundu huonekana mzima miezi ya mwanzo, kisha mikono na miguu huanza kuvimba. Jeni hizo hazijapotea. Zimo katika seli za uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ila zimefungwa.

Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walitumia azasitidini, molekuli ndogo inayozuia DNA kupachikwa alama za methili, yaani alama za kikemia zinazofunga jeni, na hemoglobini hiyo ikapanda, kwa nyani na kwa binadamu. Maelezo yalionekana kukamilika: alama zikiondoka, jeni huamka. Wakajitokeza wenye shaka, ambao ndio ninaowapenda zaidi katika kisa hiki, wakauliza iwapo kinachofanya kazi si kuondoka kwa alama bali ni sumu ya dawa kwa seli zinazogawanyika, hata uboho, ukijijenga upya kwa haraka, ukatoa seli changa ambazo bado zina uwezo wa kutengeneza hemoglobini ya awali. Kupima hoja hiyo kulihitaji dawa inayozuia mgawanyiko wa seli bila kugusa methili, na hidroksiurea ilifaa. Hemoglobini ikapanda vilevile kwa wanyama wa maabara na, mwaka 1984, kwa wagonjwa wa selimundu.

Ubishi wa kitaalamu, basi, ndio uliotuletea dawa. Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima mwaka 1998, na utafiti wa watoto wa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola, uliochapishwa 2019, ulionyesha kupungua kwa maumivu, malaria na vifo.

Hata hivyo, molekuli hii haichagui jeni moja ikaziacha nyingine. Hupunguza kasi ya uboho mzima, na kwa sababu hiyo mtoto hutolewa damu mara kwa mara ili chembe nyeupe zihesabiwe, jambo analolichukia kuliko kapsuli yenyewe.

Dada alimuuliza daktari kama siku moja mwanawe ataweza kuiacha.

“Akiiacha, mama, jeni zitanyamaza tena na hemoglobini hiyo itashuka,” akajibu, kisha akaandika tarehe ya kipimo kinachofuata.