Chokaa ya Tambuu

Nilikuwa mzazi wa siku kumi na mbili Bibi alipoingia nyumbani kwetu Kibuli, Kampala, Machi 2019. Alikuwa ametoka Mombasa kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100, na miguu ilikuwa imemvimba hata makubadhi hayamwingii. Alinawa, akampokea mtoto, akamsomea, akampulizia. Ndipo alipoinua macho akaona kona ya sebule inang'aa buluu.

"Na bahari hii ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Huku bara?"

Tangi lile la lita 200 niliachiwa na mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao mwaka uliotangulia. Nilikuwa nikimfundisha Kiswahili jioni, na alijua kwamba marehemu baba aliwahi kuwapeleka watalii kwa mashua ya kioo kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa. Nadhani aliona kwamba mwingine yeyote angeligeuza kuwa tangi la ngege. Lilikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mawe yaliyojaa uhai, na matumbawe manne matano, moja likiwa na mikunjo kama ubongo, la kijani, ambalo ndilo nililolipenda kuliko yote.

Kufuga bahari Kampala ni kazi ya jikoni. Maji ya bomba yana klorini, lazima uyachuje. Kila lita unaitia gramu 35 hivi za chumvi maalumu, unakoroga usiku kucha, unapima mpaka kipimo cha chumvi kisome 1.025. Mombasa ningehangaika kuyapoza maji. Kampala iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na usiku kifaa cha kuyapasha joto ndicho kinachokula umeme wote wa nyumba. Hayo niliyazoea. Kilichonishinda ni aiptasia.

Si mdudu hasa, ingawa sisi tulikiita mdudu. Ni jamaa ya matumbawe yenyewe, kinyama laini cha rangi ya chai ya rangi, chenye shina na mikono myembamba kama nywele kuzunguka kinywa. Ukikiona mara ya kwanza unaweza kukipenda, mimi nilikipenda. Lakini mikono ile inachoma kama upupu, na tumbawe linaloota jirani yake hurudi nyuma siku hadi siku mpaka mifupa yake inaonekana. Nacho hakihitaji hata kulishwa sana, maana ndani ya mwili wake mna mwani unaokipikia chakula kwa mwanga, kama ilivyo kwa matumbawe. Taa niliyowasha kwa ajili ya wapangaji wangu ilimnenepesha na mwizi.

Mwezi wa Desemba vilikuwa vinne. Nilikuwa na mimba ya miezi sita na sina subira, nikachukua kisu cha kumenyea ndizi nikavikwangua jioni moja, pampu zinazunguka. Ujinga mtupu. Kipande cha mguu wake kikibaki juu ya jiwe huota upya, na kilichokatika husafiri na maji kikatafute pengine. Mpaka mtoto anazaliwa nilihesabu 31, nikaacha kuhesabu.

Mume wangu, ambaye kwao Masaka bahari ni habari ya kusimuliwa, alipendekeza tulitoe lile jiwe kubwa tulichemshe katika sufuria ya pilau. Nia yake ilikuwa njema. Ila jiwe lile lilikuwa na vinyama mfano wa vijimaua viitwavyo zoanthidi, na baadhi yao wana sumu kali, palitoksini. Watu wamewahi kuchemsha mawe ya namna hiyo wakaishia hospitali, nyumba nzima, kwa kuvuta mvuke tu. Nilimwambia sufuria irudi kabatini.

Kwa hiyo nikawa nasoma usiku, mtoto kifuani, simu mkononi. Kuna kamba wanaovila, kuna samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu anayevila, kuna konokono asiye na gamba asiyekula kingine chochote. Wote hao niliwakosa Kampala. Halafu nikakuta dawa moja ambayo wafugaji wa nchi nyingi wanaiita kwa jina la Kijerumani, Kalkwasser. Nikafikiri ni kemikali ya kuagizwa Ulaya kwa bei ya ng'ombe. Nikatafuta maana yake: maji ya chokaa. Nilicheka mpaka nyuzi za uzazi zikaniuma.

Chumba cha pili Bibi alikuwa amelala, na juu ya meza kijaluba chake kipo: tambuu, popoo, na kikopo cha chokaa nyeupe, haina rangi wala manukato.

Asubuhi nilimweleza. Alinitazama kwa muda.

"Chokaa yangu ya tambuu uwape madudu?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Wajua chokaa ni nini wewe? Ni tumbawe lililochomwa. Nyumba yetu ya Mji wa Kale mawe yake ni matumbawe, na kilichoyashika ni chokaa." Akafikiri. "Basi unairudisha kwao."

Nilinunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, nikakoroga chokaa na maji mpaka ikawa nzito kama maziwa lala. Nilipokunja mkono wa dera nitie mkono tangini, Bibi alinidaka. Mzazi hagusi maji baridi kabla ya arubaini.

"Si baridi, Bibi. Ni digrii 26."

"Kwa mzazi ni baridi."

Hivyo ndivyo alivyokalia kigoda mbele ya tangi, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, miwani puani, leso imefungwa kiunoni, na sindano mkononi. Kazi ile inataka mkono usiotetemeka, maana ukikigusa tu kinajikunja na kuzama tunduni. Lazima udondoshe chokaa taratibu juu ya kinywa, kiidhanie ni chakula, kikumbatie, kiungue chenyewe. Vidole vya Bibi vilikuwa vimepaka chokaa juu ya jani la tambuu maisha yake yote bila kulitoboa. Alisema bismillahi, kisha akaanza kuvibembeleza kama anayemlisha mtoto uji. "Haya, fungua kinywa. Kula. Kula, mwanaharamu." Cha kwanza kilijifunga juu ya chokaa na hakikufunguka tena.

Niliweka sheria: pampu zizimwe, na visizidi sita kwa usiku. Chokaa hupandisha pH ya maji, yaani kipimo cha asidi na alkali, na tangi la lita 200 halina pa kukimbilia. Nilipima kabla na baada, ilitoka 8.1 ikafika 8.3, asubuhi ikashuka. Kidogo kinachoyeyuka hata huwafaa matumbawe, ndicho wanachojengea mifupa. Jirani aliyekuja kumwona mtoto alituchungulia, akaenda kutangaza chini ya kilima kwamba jjajja, yaani bibi, wa Mombasa anawadunga majini sindano. Siku tatu tulipata wageni wengi kuliko wakati wa kujifungua.

Usiku wa nne umeme ulikatika. Bibi alifurahi, akasema maji hayajapata kutulia namna ile. Nilimmulikia kwa tochi ya simu. Akamaliza sita, akaniambia ngoja, yule pale nyuma ananitazama vibaya. Akawa wa saba. Mimi mwenyewe nilinogewa, sikumzuia. Alikuwa kwenye wa kumi na moja, sindano bado imejaa nusu, umeme ukarudi. Nilikuwa nimesahau kuzichomoa pampu ukutani. Zote zikaunguruma kwa pamoja na ile chokaa ikanyanyuka kama moshi wa kuni mbichi. Nilirukia waya, mtoto akaamka akilia, mume wangu akatoka kifua wazi akiuliza mwizi yuko wapi. Wingu lilikuwa limekwisha kutua, na mahali lilipotua zaidi ni juu ya lile tumbawe la kijani.

Nilibadilisha lita 40 za maji usiku uleule, mzazi au si mzazi, na Bibi hakusema neno. Asubuhi nyama ya tumbawe ilikuwa ikibambuka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Ndani ya wiki likawa jeupe. Weupe ule naujua. Nilikuwa mtoto mwaka 1998 bahari ilipopata joto na matumbawe ya pwani yetu yakapauka. Nakumbuka baba akirudi adhuhuri na mashua tupu, akasema hana la kuwaonyesha watu.

"Nilisema sita, Bibi," nikamwambia. Sikuinua sauti, lakini nilisema.

"Ulisema."

Siku ile hakutafuna tambuu. Kesho yake alirudi kwenye kigoda bila kuitwa, akafanya sita, akaosha sindano. Tuliendelea hivyo mpaka arubaini ikakaribia, na mawe yakawa safi isipokuwa viwili vilivyojificha ndani ya bomba la kutolea maji, ambako mkono wa Bibi haukufika wala wangu haujafika hadi leo.

Tumbawe lililokufa nililitoa nikaliweka kwenye ndoo, nia yangu kulisafisha na kulihifadhi kama kumbukumbu. Jioni kabla ya safari yake nililikosa. Nikamkuta Bibi bafuni, ameketi juu ya kibao, analo mkononi anasugua visigino.

"Hili zuri sana. Nakwenda nalo."

"Bibi, mpakani watakushika. Matumbawe hayavushwi bila kibali."

"Basi niache nimalizie," akasema, akalichovya majini, akahamia mguu wa pili.