Bibi na zamu za pembea Forodhani

Disemba ya 2013 skuli zimefungwa, mkwe wangu, bibi yao wanangu, ana miadi ya macho Unguja, tukaona haya basi twendeni wote, yeye na mie na watoto watatu, baba yao akabaki kwetu Wete, Pemba, na kazi zake. Nasema wote sababu bibi mwenyewe alikataa katakata kwenda bila ya wajukuu, anasema hospitali ataivumilia lakini kukaa nyumba ya watu hana wa kumgombeza hilo haliwezi. Tukatoka alfajiri, gari hadi Chake, Chake tukapanda dala ya 603 hadi Mkoani, Mkoani boti. Na mkondo siku ile ulikaa vibaya, mwanangu wa kati alitapika mpaka baharia mmoja akamuonea huruma akamletea ndimu.

Tulifikia kwa wifi yangu Bububu. Wifi mtu mwema wallahi, ila ua wake mdogo na umezungushwa matofali, na watoto waliozoea kukimbia mikarafuuni kutwa ukiwatia humo wanakuwa kama mbuzi wa Idi, hawatulii, wanasukumana, wanalia ovyo. Bibi akenda akapimwa, akaambiwa ana mtoto wa jicho, arudi wiki ya pili yake kwa daktari mkubwa. Yani tukae pale pale tusubiri. Na hela nilokuja nayo ilikuwa ya nauli na dawa, basi.

Wifi naye akawa kila usiku anatutafutia pa kuwapeleka watoto. Mara Changuu wakaone kobe, kweli kobe wale wakubwa mtoto akipanda mgongoni hawajui kama kapanda, lakini boti ya kukuvusha inataka hela na ukifika kisiwani unalipa tena. Mara Nungwi, huko pwani nzuri lakini nauli ya watu watano kwenda na kurudi, na watoto wataka kula. Mara shamba la viungo, nikamwambia wifi, mie natoka Pemba, nilipe hela nikaoneshwe mkarafuu? Tulicheka sana. Ndo akasema, si muwapeleke tu Forodhani, bustani ile ya Mji Mkongwe, pana kiwanja cha watoto na hamna kiingilio.

Sasa Forodhani niliyoijua mie ni ya zamani, nilikwenda na marehemu baba nikiwa msichana, ilikuwa vumbi tupu, majani yamekufa, wauza pweza na mishkaki wamewasha koroboi, unakula huku moshi wakuingia machoni. Pa kucheza sikupaona. Bibi yeye ndo kabisa, anapaita Jubilii mpaka leo, sababu wakati wa mkoloni bustani ile iliitwa Jubilii Gadeni, ilitengenezwa kwa sherehe ya jubilii ya Seyyid Khalifa, na kabla ya hapo palikuwa pa kushushia mizigo na kulipia ushuru wa forodha. Wifi akatwambia hizo habari za kale, pameshatengenezwa upya na watu wa Aga Khan, pamefunguliwa tena tokea 2009, nendeni mkaone.

Tukenda siku ya Alkhamisi baada ya laasiri. Dala ya 502 hadi Darajani, halafu kwa miguu tukapita Mkunazini, vichochoro vile, vespa zinatupigia honi nyuma, bibi ananishika mkono anauliza mbona hatufiki. Tulipotokeza mbele ya Beit al Ajaib watoto wakasimama. Nikawaonesha saa ya mnarani, nikawambia nyumba hii kajenga Seyyid Barghash 1883, na nyumba ya mwanzo kuwekwa taa za umeme huku kwetu, mkubwa akaniuliza na lifti je, kumbe skuli wameshasomeshwa. Nimefurahi kuwa waliiona ikiwa imesimama, maana Disemba 2020 ile mbele ikaporomoka na mnara wake, na walokuwa wakiitengeneza wakafa humo.

Basi kiwanja chenyewe. Mtu asidhani pakubwa, si pakubwa. Pembea, la kutelezea, vya kupandia na kuning'inia, mchanga chini. Lakini kwa wanangu ilikuwa sikukuu. Na hapo ndo shida ikaanza, maana watoto wetu pembea wanazijua za Idi, unatoa hela yako mkononi, unapewa zamu, ikisha unashushwa hata kama unalia. Kwahiyo walipofika hawakupanda. Walisimama pembeni wote watatu wamejipanga wananitizama mie. Nikawambia pandeni. Mkubwa akaniuliza kwa sauti ya chini, tumlipe nani? Hakuna wa kulipwa, pandeni. Hawakuamini.

Yule wa kati, wa miaka saba, yeye bibi yake alikuwa kampa mia tano asubuhi kwa kumpa pole ya boti. Mie nimegeuka namtafutia bibi pa kukaa, kumbe huku nyuma yeye keshaondoka kumtafuta mtu wa tiketi. Na ukimtizama kwa akili ya mtoto alikuwa na haki yake, mtu wa karibu pale mwenye mashine, mwenye mkoba wa hela kiunoni, na watu wamejipanga mbele yake, alikuwa muuza juisi ya miwa. Akajipanga. Zamu yake ikafika akatoa mia tano yake. Muuza hakuuliza kitu, akasokota muwa na ndimu na tangawizi akampa gilasi. Mwanangu akainywa yote pale pale amesimama, akarejesha gilasi, akaja mbio akapanda pembea kwa raha zake zote, na kila mtoto alomsogelea anamwambia, mie nshalipa.

Mie nilidhani kaokota pesa za nani. Nilipokuja kuelewa nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kufika saa kumi na moja na nusu pakajaa. Watoto wa mjini wenyewe, watoto wa Dar walokuja likizo na wazee wao, familia moja ya Kihindi na watoto mapacha, na kitoto kimoja cha kizungu nywele nyeupe kama pamba na mama yake kajifunga kanga kiunoni. Pembea chache, watoto wengi, unajua mwenyewe. Mmoja kang'ang'ania hashuki, mwengine anamvuta mguu, wazee kila mmoja anamtetea wake kwa heshima heshima lakini macho makali. Baba mmoja wa bara akasema "jamani tuwe wastaarabu", hakuna aliyemsikia.

Ndo bibi akanyanyuka. Kwenye ukingo pale nilipomkalisha akasogea hadi kwenye nguzo ya pembea, mtaimbo wa mwanamke, buibui lake la kizamani, jicho moja halioni vizuri, akasema kwa sauti ile anayoitia watu kutoka shamba, kila mtu hesabu thalathini, ikisha ashuke, na anayesukuma hapandi mpaka asukume. Akaanza kuhesabu. Kwa nguvu. Moja, mbili, tatu. Watoto wakanyamaza wote! Wa Dar, wa mjini, wangu. Akifika ishirini na tisa anaivuta ile ishirini na tiiiisa mpaka mtoto anacheka mwenyewe na kushuka. Akenda akihesabu hivo raundi kwa raundi, baada ya muda watoto wote wanahesabu naye, mapacha wa Kihindi wanapiga makofi, na kile kitoto cha kizungu hakijui neno moja lakini kikisikia thalathini kinaruka chini kama wenziwe. Mama yake akaja akamshika bibi mkono, akasema asante mama, bibi akamjibu "ahsante nawe, lakini mtoto wako mvishe kofia, jua lile". Nikamtafsiria kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Siku ya pili nasikia wamekutana tena na kofia ipo.

Mie kitu kimoja tu kiliniuma, na nitakisema. Watoto wengi wa Unguja hawakai Mji Mkongwe, wanakaa Ng'ambo na mashamba, na kuwaleta pale mzazi atoe nauli ya kwenda na kurudi. Kucheza bure lakini kufika si bure. Ingekuwa kila mtaa una pembea mbili tatu hivi na mtu mmoja wa kuzitizama zisivunjike, watu wasingengoja Idi. Hata kwetu Wete. Na vyuma vile vya kutelezea ukija mchana huwezi kukaa, vinachoma, mie naona wangepanda mikungu zaidi papate kivuli. Haya.

Magharibi ilipoadhiniwa bibi akaacha kuhesabu akasema tumefunga duka, na watoto walitii. Akasali pale pale kwenye mkeka wa muuza kashata mmoja. Vijana wa makachu nao wako ukutani wanaruka baharini, wanapinduka hewani mara mbili kabla hawajagusa maji, watu wanapiga kelele, mwanangu mdogo wa miaka minne akanambia na yeye ataka kufanya hivo, nikamkamata gauni na sikumuachia tena.

Wauzaji walikuwa wameshawasha taa, wamevaa zile kofia ndefu nyeupe za mpishi, meza zimejaa pweza na kamba na mishkaki. Nikauliza bei ya kamba, nikasema ahsante nikaendelea na safari yangu, bei ile ni ya watalii. Tukala urojo, bakuli tatu watu watano, na zanzibar piza moja ya mayai tukaigawa vipande. Bibi urojo alisema wanauzidisha embe mbichi lakini akaumaliza.

Kwenye dala ya kurudi Bububu mwanangu wa kati alikuwa bado ana hoja, anamuelezea bibi kuwa tiketi ya Forodhani ni nzuri kuliko ya Idi kwa sababu wanakupa na juisi. Dada yake akamwambia wewe mjinga, ile ilikuwa juisi tu. Akasema kama ilikuwa juisi tu mbona waliniacha nikapanda? Dada yake akakosa la kujibu, na bibi akasema huyu atakuwa wakili.