Nilivyofundisha siku 105 za Jamhuri

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu hapa Unguja wanaijua 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, kama wanavyoyajua majina yao. Kilichonishinda kuwafahamisha ni siku zilizofuata. Mwaka juzi niliujaza ubao: nchi gani ilitutambua kuwa jamhuri, na lini. Kijana mmoja wa Kikwajuni akanyoosha mkono. "Mwalimu, si nchi imeshashikwa? Ya nini tena kungoja wengine waitambue?" Sikuwa na jibu la kumtosha, na lilinikera hadi nyumbani.

Jioni nikenda kwa ami yangu, mtu wa kuweka makaratasi. Akanitolea bahasha ya 1964. Stempu ilikuwa na sura ya Sultani, na juu yake imepigwa chapa: JAMHURI 1964.

Kesho yake bahasha ilizunguka darasani, dawati kwa dawati. Nikawauliza: barua hii ikienda ng'ambo, na posta ya huko ikasema haiijui jamhuri hii, itafika? Kimya. Hapo ndipo tarehe zilipoanza kuwaingia. China, Urusi na Ujerumani Mashariki hawakukawia. Uingereza na Marekani zilivuta siku 42, hadi 23 Februari. Siku tatu kabla, wanadiplomasia wao walikuwa wameambiwa waondoke. Mzee Karume na Abdulrahman Babu, waziri wake wa mambo ya nje, hawakuwa watu wa kusubiri wamekunja mikono.

Nilikaa zaidi kwenye Ujerumani Mashariki, maana hapo ndipo penye utamu. Nayo ilikuwa inatafuta kutambuliwa! Ujerumani Magharibi ilitishia kuvunja uhusiano na yeyote atakayeitambua. Zanzibar ikaitambua, ya kwanza Afrika. Kwa hiyo kisiwa kilichokuwa kinaomba kilikuwa pia na cha kutoa. Muungano wa 26 Aprili ukaja, siku ya 105, na mzigo ule wa Ujerumani mbili ukamwangukia Mwalimu Nyerere: ubalozi wa Ujerumani Mashariki ukashushwa kuwa konseli kuu Dar es Salaam, na hata hivyo mwaka 1965 Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Yeye akawaambia wachukue na uliobaki.

Yule kijana akauliza polepole, "Kumbe zile nyumba za Mjerumani tunazokaa…?"

Nikamwambia ndizo, zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki hiyo hiyo; akamuulize bibi yake. Wiki iliyofuata aliniletea kurasa mbili za hati yake, bibi akisimulia siku waliyohamia. Ami amekubali ziwekwe pamoja na bahasha.