Gurnah na sisi wasomeshaji
Jana usiku nimemaliza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na Yusuf hanitoki moyoni. Mtoto anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe kawekwa rehani kwa deni la babaake!

Gurnah kazaliwa hapa Unguja 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi. Kasomesha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mpaka kustaafu. Nami nasomesha fasihi skuli, najua ilivyo kusahihisha rundo la madaftari halafu ukae uandike chako. Yeye kaandika riwaya 10 ndipo Nobel ikamjia, 2021. Mashaallah.

Maktaba yetu ya skuli haina hata nakala moja ya Peponi. Mwenye ya ziada, tafadhali aniandikie, nitaifuata mwenyewe.