Msimbo Ukiandikwa Haraka, Nani Ataukagua?

Viongozi wa teknolojia wanaotaka kuingiza akili unde (AI) katika uundaji wa programu za mashirika yao mara nyingi huanza kwa kuuliza wanunue chombo kipi. Swali hilo ni jepesi, na jibu lake hubadilika kila baada ya miezi michache. Lililo gumu, ambalo ni nadra kulisikia katika vikao vya bajeti, ni nani atakayeusoma msimbo wote, yaani maagizo yanayounda programu, utakapoanza kuandikwa kwa kasi.

Katika shirika kubwa, kuandika msimbo si kazi inayokula muda mwingi kuliko nyingine. Badiliko likishaandikwa husubiri mhandisi mwingine alikague, kisha hupitishwa kwenye majaribio, huidhinishwa na watu wa usalama, na hatimaye hungoja zamu yake ya kupelekwa kwenye seva. Ukiongeza kasi mwanzoni mwa njia hiyo bila kugusa hatua zinazofuata, utapata foleni ndefu kwa wakaguzi, ambao kwa kawaida ni wale wale wahandisi wachache wazoefu wanaotegemewa kwa kila jambo.

Takwimu zilizopo huonekana kupingana hadi uzisome kwa makini. Katika jaribio la mwaka 2022, wasanidi (waandishi wa programu) waliopewa GitHub Copilot, chombo cha akili unde kinachopendekeza msimbo, na kutakiwa kuunda seva ndogo ya HTTP kwa lugha ya JavaScript walitumia muda pungufu kwa takriban asilimia 55 kuliko wenzao wasiopewa. Mwaka 2025, METR, taasisi inayotathmini uwezo wa akili unde, ilichapisha utafiti wa wasanidi 16 wazoefu waliofanya kazi 246 ndani ya miradi ya programu huria waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili unde walichelewa kwa asilimia 19, ilhali hata baada ya kumaliza waliamini kwamba imewaharakisha kwa asilimia 20. Kazi ya kwanza ilianza kwenye ukurasa mtupu, na ya pili ilifanyika ndani ya msimbo mkubwa wenye kanuni ambazo nyingine hazijaandikwa popote. Mifumo mingi ya mashirika inafanana zaidi na hii ya pili. Ni kweli kwamba vyombo vimeendelea kuboreka, lakini pengo kati ya kasi waliyoihisi na kasi halisi linatosha kunifanya nisiliamini dodoso la kuwauliza wafanyakazi kama wanajiona wana kasi zaidi.

Ni afadhali kupima muda kuanzia ombi linapopokelewa hadi badiliko linapomfikia mtumiaji, idadi ya mabadiliko yaliyolazimika kurudishwa nyuma, na muda ambao badiliko hukaa bila kukaguliwa. Ripoti ya mwaka 2024 ya DORA, mradi wa Google unaotafiti utendaji wa timu za programu, ilihusisha kuongezeka kwa matumizi ya akili unde na kupungua kwa uthabiti wa uwasilishaji wa programu, na ikadokeza kuwa huenda chanzo ni ukubwa wa mabadiliko: kwa kuwa kuandika kumekuwa rahisi, watu huwasilisha mengi kwa mkupuo. Kwa hiyo, kama ningetakiwa kuweka kanuni moja tu, ningeweka kikomo cha ukubwa wa badiliko linalopelekwa kukaguliwa.

Majaribio nayo yanahitaji uangalifu wa pekee. Chukua kitendakazi, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, cha kuhesabu siku za likizo kati ya tarehe mbili. Chombo hutoa tarehe ya kwanza kutoka ya mwisho na kupata siku 4 kwa likizo ya Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu siku ya mwisho haikuhesabiwa. Ukikiagiza chombo hicho hicho kiandike majaribio kwa kuutazama msimbo wake, kuna hatari kiandike kwamba jibu sahihi ni 4, na majaribio yote yapite. Matarajio yanapaswa kutoka kwa mtu anayeijua sera ya likizo, yaandikwe kabla ya msimbo, hata kama ni mistari michache tu.

Kuhusu siri za shirika, kupiga marufuku pekee hakutoshi. Samsung ilizuia vyombo hivi mwaka 2023 baada ya kubainika kuwa wafanyakazi walikuwa wameingiza msimbo wa ndani katika ChatGPT, na uamuzi huo unaeleweka. Hata hivyo, mahali pasipo na chombo kilichoidhinishwa, watu hutumia akaunti zao binafsi. Mkataba useme wazi data itahifadhiwa wapi na kwamba haitatumika kufunza modeli, na manenosiri yaondolewe kwenye hazina za msimbo kabla chombo chochote hakijaruhusiwa kuzisoma.

Ningeanza na timu moja yenye majaribio ya kuaminika, nikiipa kazi za kuchosha zinazothibitishika kwa urahisi, kama vile kuhamisha mfumo kutoka toleo la zamani la maktaba ya msimbo (msimbo ulioandaliwa tayari kutumiwa na programu nyingine). Leseni za timu ya pili ningeziidhinisha pale tu ambapo muda wa kungoja ukaguzi katika timu ya kwanza haujaongezeka.